Nablus: Mji Uliobaki Mpya

Mji wa Nablus una umri wa zaidi ya miaka 1,900, lakini jina lake bado linasema kuwa ni mpya. Ndiyo maana ya maneno mawili ya Kiyunani yaliyolizaa, nea polis, yaani mji mpya. Waliolitoa walikuwa watawala wa Kirumi. Waliolitunza ni wakulima wa zeituni, wapika sabuni, wanazuoni na wafanyabiashara wa milima ya Palestina, ambao wengi wao hawakujua Kiyunani wala Kilatini. Makala hii inafuata safari ya jina hilo, kwa kuwa katika nchi ambayo kila kilima kinagombaniwa, jina la mji haliishii kuwa jambo la kamusi. Hutolewa mbele ya watu kama hati ya shamba.

Msomaji wa Kiswahili huufikia mji huu kwa milango miwili isiyotazamana. Aliyelelewa na Biblia anaijua Shekemu: mahali Ibrahimu alipofikia katika nchi ya Kanaani, Yakobo alipopiga hema, na mifupa ya Yusufu ilipozikwa kwa mujibu wa Kitabu cha Yoshua. Aliyelelewa chuoni na msikitini hukutana na nisba ya an-Nabulusi katika majina ya waandishi wa vitabu. Wote wawili huisikia Nablus katika taarifa za habari. Ni wachache wanaotambua kuwa Shekemu ya Maandiko na Nablus ya redioni ziko katika bonde moja. Na hata hao wanaotambua, aghalabu hudhani kuwa ni mji mmoja uliobadilishwa jina. Kwa kweli ni miji miwili jirani: mmoja ulikufa, na mwingine ulizaliwa kando yake baada ya karne mbili hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini jina la Nablus limedumu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Nablus ipo takriban kilomita 50 kaskazini mwa Yerusalemu, katika bonde jembamba lililobanwa na milima miwili: Gerizimu upande wa kusini, wenye urefu wa mita 881, na Ebali upande wa kaskazini, wenye mita 940. Bonde hilo ni mojawapo ya mapito machache yanayokata safu ya milima ya Palestina kutoka mashariki kwenda magharibi, na lina chemchemi nyingi. Hapo hukutana njia ya milimani itokayo Yerusalemu kwenda Galilaya na njia iteremkayo kutoka Mto Yordani kuelekea pwani. Mahali penye maji, kivuli na njia panda hapakosi mji. Hata mmoja ukibomolewa, mwingine utainuka karibu.

Shekemu ilikuwa kwenye mdomo wa mashariki wa bonde hilo. Kwa Kiebrania neno hilo lina maana ya bega, na wataalamu wengi hulichukua kuwa jina la umbo la ardhi, kwa kuwa mji ulikaa begani mwa mlima. Kiswahili nacho huipa ardhi viungo vya mwili, tunaposema shingo ya nchi au mkono wa bahari, kwa hiyo fikra hiyo si ngeni kwetu. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja pia mtu aitwaye Shekemu, mwana wa Hamori, na hivyo jina likapata maelezo ya pili, la mtu badala ya mahali. Lakini jina lenyewe lina umri mkubwa kuliko masimulizi hayo yalivyoandikwa. Maandishi ya Misri ya karne ya 19 KK yanaitaja Sekmem, na barua za Amarna za karne ya 14 KK, zilizochorwa kwenye vibao vya udongo, zimejaa malalamiko dhidi ya Labayu, mtawala wa Shekemu aliyewanyima majirani zake usingizi.

Baadaye bonde hilo likawa kitovu cha Wasamaria, wanaoamini kwamba mahali alipopachagua Mungu ni Mlima Gerizimu, si Yerusalemu. Walijenga hekalu juu ya mlima huo. Mwishoni mwa karne ya 2 KK, Yohana Hirkano, mtawala wa Kiyahudi wa ukoo wa Wahasmonai, alilibomoa hekalu hilo na kuiangamiza Shekemu. Mji haukuinuka tena. Magofu yake yalilala chini ya kilima kinachoitwa Tell Balata hadi wataalamu walipoyatambua mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1913.

Mwaka 70 BK majeshi ya Kirumi yaliuteketeza Yerusalemu. Miaka miwili hivi baadaye, Kaisari Vespasian alianzisha mji mpya kilomita mbili hivi magharibi mwa magofu ya Shekemu, ndani zaidi ya bonde. Ukaitwa Flavia Neapolis, na neno Flavia lilitokana na ukoo wa kaisari mwenyewe. Mahali hapo hapakuwa patupu. Mwanahistoria Josephus anaeleza kuwa wenyeji walipaita Mabartha, na Mrumi Pliny Mkubwa anataja umbo la Mamortha. Wengi hulihusisha jina hilo na neno la Kiaramu lenye maana ya pito au kivuko, maelezo yanayolingana na bonde lenyewe. Basi majina mawili ya wenyeji, Bega na Pito, yalieleza sura ya nchi. Jina la Warumi lilieleza tukio: kwamba mtawala amekuja na kuanza upya.

Mji ulikua upesi. Katikati ya karne ya 2 BK, Yustino Mfiadini, mwanafalsafa wa Kikristo aliyezaliwa hapo, alijitambulisha mwanzoni mwa utetezi wake kwa kaisari kuwa ni mtu wa Flavia Neapolis katika Syria Palaestina. Sarafu za mji za karne hiyo zilichorwa Mlima Gerizimu wenye hekalu la Kirumi kileleni na ngazi ndefu ya kulipandia. Mwaka 244 Kaisari Filipo Mwarabu aliupandisha hadhi kuwa koloni la Kirumi na kuupa cheo kipya. Lakini vyeo vya makaisari havikudumu. Flavia lilianguka, na cheo cha Filipo nacho kikafuata. Kilichobaki midomoni ni Neapolis peke yake.

Hapa pana fumbo ambalo mwanahistoria hana budi kulikabili. Wayunani na Warumi waliipa miji mingi ya Palestina majina yao, na mengi kati ya majina hayo yalikufa mara tawala zilipoondoka. Baysan iliitwa Scythopolis kwa karne nyingi, kisha ikarudi kuwa Baysan. Akka iliitwa Ptolemais, ikarudi kuwa Akka. Ludd iliitwa Diospolis, Bayt Jibrin iliitwa Eleutheropolis, na Imwas iliitwa Nicopolis. Leo majina hayo ya Kiyunani yako vitabuni tu. Hata Aelia, jina ambalo Kaisari Hadrian aliubandika Yerusalemu, lilitumiwa na Waarabu wa mwanzo kwa umbo la Iliya, kisha likaachwa. Inaonyesha kwamba chini ya lugha ya ofisi palikuwa na lugha ya nyumbani, na watu wa nyumbani waliendelea kutumia jina la mababu zao, wakisubiri ofisi ihame.

Kwa nini basi Neapolis haikufutika? Jibu linapatikana tukiiweka pamoja na majina mengine machache yaliyosalimika. Tabariyya, yaani Tiberias, ulikuwa mji ulioanzishwa upya kando ya ziwa. Qaysariyya, yaani Caesarea, ilijengwa na Herode kwa ukubwa uliokimeza kituo kidogo kilichoitangulia. Sabastiya, jirani ya Nablus, ilichukua mahali pa Samaria, lakini kwa wakati huo jina Samaria lilikwisha kuwa jina la nchi nzima. Jina la kigeni lilidumu pale ambapo halikuwa na mpinzani mwenye nguvu. Neapolis haikujengwa juu ya Shekemu hai, na Mabartha palikuwa mahali padogo pasipoweza kuushindania mji. Watu waliohamia humo, Wasamaria na wengineo, hawakulazimika kusahau jina la nyumba yao ili kulikubali jina la mji. Mfano wa karibu kwetu ni Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Jina lilitoka ikulu, na kwa lugha isiyokuwa ya wenyeji. Lakini leo hakuna Mzaramo wala Mhindi wa mji huo anayeliona kuwa ni la kuazima.

Waislamu walipoichukua Palestina katika miaka ya 630, walilipokea jina hilo kutoka vinywani mwa watu waliowakuta. Kiarabu hakina sauti p. Neno la kigeni lenye p hupokewa kwa b au kwa f: Palaestina ikawa Filastin, Plato akawa Aflatuni, na Neapolis ikawa Nabulus. Sheria hiyohiyo iliigeuza Tripoli kuwa Tarabulus, ile ya Libya na ile ya Lebanoni. Miji mingine iliyoitwa Neapolis ilikwenda njia zake: ule wa Italia ukawa Napoli, na ule wa Tunisia, kwa kupita katika ulimi uleule wa Kiarabu, ukawa Nabul.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kuuona ushahidi wa sheria hii. Kilatini kilikuwa na neno sapo, Kiyunani sapon. Kiarabu kikalifanya sabun, nasi tukalipokea kama sabuni. Ile b tunayoitamka kila asubuhi bafuni ndiyo b iliyomo katika Nablus. Na ulinganifu huu una uzito wa pekee, kwa sababu sabuni ndiyo bidhaa iliyoueneza mji huo jina.

Kadiri miaka ilivyopita, Kiyunani kikasahaulika na watu wakaanza kulieleza jina kwa lugha waliyokuwa nayo. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, amehifadhi katika kamusi yake ya miji hadithi aliyosimuliwa na mzee mmoja. Palikuwa na nyoka mkubwa katika bonde, akiitwa Lus. Watu walimfanyia hila, wakamuua, wakang'oa jino lake na kulitundika kwenye lango la mji. Kila aliyepita aliambiwa kuwa hilo ni nab Lus, jino la Lus. Maneno mawili yakaungana na kuwa Nabulus. Wasomi wa leo hawaikubali hadithi hiyo kama asili ya jina, lakini si sababu ya kuitupa. Inatuonyesha watu ambao mji ni wao kiasi kwamba hawawezi kuamini kuwa jina lake lilitoka kwa mgeni. Wazanzibari wanaijua kazi ya namna hii: Zinjibar nayo imepasuliwa vipande vya Kiarabu ili isomeke kama sifa ya uzuri wa nchi, ingawa asili yake ni Kiajemi.

Wasafiri na wanajiografia wa Kiislamu waliukuta mji wenye neema. Al-Muqaddasi, mzaliwa wa Yerusalemu aliyeandika mwishoni mwa karne ya 10, anataja wingi wa mizeituni na kusema kuwa watu waliuita Damascus Ndogo. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1326. Huyu ndiye yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa miaka mitano hivi baadaye na kutuachia maelezo ambayo kila mwanahistoria wa pwani yetu huyategemea. Katika Nablus aliona miti mingi na maji yatiririkayo, mafuta ya zeituni yaliyopelekwa Misri na Damascus, na halua iliyotengenezwa kwa matunda ya mti wa kharubu. Tukiyasoma maelezo hayo mawili pamoja, tunapata Nablus na Kilwa zikiwa ndani ya dunia moja ya misafara na bandari, kabla ya ramani za baadaye kuzitenganisha.

Mji ukisha kuwa na jina thabiti, jina huanza kusafiri bila mji. Ndiyo kazi ya nisba. Kama Sheikh Uways wa Barawa alivyojulikana kwa al-Barawi popote alipofika, ndivyo waliotoka katika bonde hili, au ambao wazee wao walitoka humo, walivyoitwa an-Nabulusi. Mwanazuoni na mshairi wa Kisufi Abd al-Ghani an-Nabulusi (1641–1731) alizaliwa na kufia Damascus; mji wa Nablus ulibaki ndani ya jina lake. Vyakula na bidhaa zikapata nisba vilevile: jibini ya Nabulusi, kunafa ya Nabulusi yenye jibini hiyo ndani, na sabuni ya Nabulusi.

Sabuni hiyo ilitengenezwa kwa vitu vitatu, yaani mafuta ya zeituni, maji na magadi. Ilipikwa katika sufuria kubwa la shaba kwenye ghorofa ya chini, ikabebwa juu na kumwagwa sakafuni, ikakatwa vipande, ikapigwa mhuri wa mwenye kiwanda, kisha ikapangwa minara mirefu yenye uwazi ndani ili hewa ipite na kuikausha. Chini ya dola ya Uthmaniya biashara hiyo iliwatajirisha wafanyabiashara wa mji na kuwafunga wakulima wa vijijini kwao kwa mikopo ya mafuta, kama alivyoonyesha mwanahistoria Beshara Doumani katika utafiti wake juu ya Jabal Nablus, uliochapishwa mwaka 1995. Utajiri na madeni vilitoka katika sufuria moja. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utengenezaji wa sabuni hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Karne ya 20 iliupa mji jina la utani, Jabal an-Nar, Mlima wa Moto, kwa sababu ya upinzani wake. Humo ndimo ilimoundwa kamati ya kitaifa ya Aprili 1936 iliyoitisha mgomo mkuu dhidi ya utawala wa Uingereza. Humo walizaliwa washairi wawili wa nyumba moja, Ibrahim Tuqan (1905–1941), mtunzi wa maneno ya wimbo ambao leo ni wimbo wa taifa wa Iraki, na dada yake Fadwa Tuqan (1917–2003). Mji ulikuwa chini ya Jordan baada ya 1948, ukatwaliwa na Israeli mwaka 1967, ukakabidhiwa Mamlaka ya Palestina mwishoni mwa 1995, na mwaka 2002 mashambulizi ya jeshi la Israeli yaliharibu sehemu za mji wa kale, vikiwemo viwanda vya sabuni.

Katika mazingira hayo jina likawa silaha. Kiebrania huuita mji wote wa leo Shekhem, na ndivyo vibao vya barabarani vinavyosema kwa Kiebrania. Kwa wengi ni mazoea ya lugha tu, yenye mizizi ya kweli katika Maandiko. Lakini ipo hoja inayojengwa juu ya mazoea hayo: kwamba Shekhem ni la kale, Nablus ni la juzi, na kwa hiyo mwenye jina la kale ndiye mwenye mji. Kuna jibu linalotolewa kwa haraka upande wa pili, kwamba Shekemu haikuwahi kuwapo. Hoja zote mbili zinaanguka mbele ya ushahidi. Shekemu ilikuwapo, na magofu yake yanatembelewa. Nablus nayo si jina la juzi, wala si jina lililobandikwa juu ya Shekemu iliyo hai.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika umbo la neno. Nabulus si tafsiri ya mwandishi aliyeketi na kitabu cha Kiyunani. Ni neno lililosagwa na matumizi: mwanzo wake umefupishwa, p yake imegeuka b, irabu zake zimefuatana na Kiarabu. Neno haliwi hivyo kama halikutamkwa na watu wengi, siku nyingi, sokoni na nyumbani. Kila kizazi kililichukua kutoka kwa kizazi kilichokitangulia katika bonde lilelile, hata pale lugha ilipobadilika kutoka Kiaramu na Kiyunani kwenda Kiarabu, na dini za wengi zilipobadilika pia. Kama bonde lingewahi kuhamwa na kujazwa wageni watupu, Neapolis ingeishia pale ilipoishia Eleutheropolis, vitabuni. Jina linashuhudia kuwa watu hawakukatika.

Ushahidi huo una mipaka yake. Unathibitisha kuendelea kwa watu; haumfukuzi mwingine katika kumbukumbu zake. Mfano bora ni Wasamaria wenyewe, ambao leo jumla yao haifiki elfu moja, na karibu nusu yao wanaishi juu ya Gerizimu, walikopanda kutoka mtaa wao wa mjini Nablus katika miaka ya 1980. Wanasali kwa Kiebrania chao cha kale na wanazungumza Kiarabu cha Nablus na majirani zao. Kwao jina la Torati na jina la sokoni si maadui. Bega la mlima na mji mpya vimekaa katika kinywa kimoja.

Na pembeni mwa magofu ya Shekemu ipo kambi ya wakimbizi ya Balata, iliyoanzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya watu waliofukuzwa Yafa na vitongoji vyake. Imebeba jina la kijiji cha jirani, jina ambalo baadhi ya wataalamu hulihusisha na mwaloni mtakatifu wa Shekemu unaotajwa katika Maandiko. Wakazi wake wamezaliwa Balata, wazazi wao wengi wamezaliwa Balata, lakini ukiwauliza wanatoka wapi hukutajia Yafa. Vespasian aliuita mji wake mpya, na watu wakaufanya wa kale kwa kuishi ndani yake. Watu wa kambi wanafanya kazi iliyo kinyume: wanalishika jina la mji ambao hawajaruhusiwa kuishi ndani yake, wakijua kwamba jina lisilotamkwa na watoto huhamia vitabuni.